Msimulizi wa Kumi na Mbili

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na huku nimevaa gauni refu na kanga mbili juu yake. Naandika nikiwa na hasira. Kwanza na mimi mwenyewe. Halafu na nyie wote mlioniambia, "Mwaka wa tatu ni wa kumalizia tu, hauna kazi."

Hauna kazi! Haya, kaeni niwasimulie.

Mnajua nasoma historia. (Mkiniuliza tena historia nitaifanyia nini, nawatoa kwenye kundi.) Ili nimalize shahada lazima niwasilishe mradi, na mradi wangu ni simulizi za wazee wa kike wa Ujiji: walivyokua, walivyoolewa, walivyouza mawese na dagaa, na wanavyoishi sasa. Wasimulizi kumi na wawili. Kila mmoja awe amepita miaka sitini, na kila mmoja sauti yake irekodiwe. Msimamizi wangu, ambaye hapa nitamwita Daktari tu kwa sababu bado nataka kumaliza chuo, aliitaja ile kumi na mbili kama hakimu anayesoma hukumu. Ikipungua bila maelezo, unarudia mwaka. Mimi nikirudia mwaka ndiyo basi. Mama yangu alishasema hamlei mtu mara mbili, na mara ya kwanza yenyewe alilalamika.

Nikapanga chumba Katubuka, mimi na mwanangu Furaha, mwaka mmoja na miezi minne. Kwetu ni Kasulu, lakini tangu nilipopata mimba nikiwa chuoni mama anaongea na mimi kama mtu anayechangishwa maneno. Baba Furaha yuko Mpanda. Nikimwandikia kwamba mtoto ana homa, ananirudishia kidole gumba. (Kidole, jamani! Hata kiganja hajanipa.)

Kwa hiyo asubuhi namfunga Furaha mgongoni naenda Ujiji, nakaa kwenye mikeka ya mabibi nawauliza maisha yao. Jioni narudi Katubuka, nachemsha maji, namwogesha mtoto, naongea naye mpaka asinzie. Akisinzia nabaki naongea. Miezi miwili na nusu hivyo.

Nikapata kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa Bi. Nyota. Kanikubalia vizuri kabisa: "Njoo Jumanne, mwanangu, nina mambo ya kukueleza mpaka simu yako iombe maji." Jumanne nafika, naambiwa Bi. Nyota kavuka ziwa kwenda Kongo, harusi ya mjukuu. Atarudi lini? "Harusi ikiisha." Mnazijua harusi za ng'ambo ile? Bibi harusi anaweza kujifungua ngoma bado zinalia.

Nikatafuta mwingine. Mmoja hasikii. Mmoja alitaka kwanza ruhusa ya mwanae, na mwanae yuko ziwani. Mmoja nilimkadiria sabini, kumbe ana hamsini na tano. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa mwiko wa ugali. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma orodha.

Basi Alhamisi mchana, Furaha amelala, nikafanya nililolifanya.

Nilifunga mlango. Nikakunja kanga, nikaishika mbele ya mdomo. Nikauliza swali kwa sauti yangu, nikajibu kwa sauti ya marehemu bibi yangu mzaa mama, ile ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote. Jina lako, bibi? Sauda binti Ramadhani. Umri? Sabini na nne. Unakaa wapi? Ujiji, Kitongoni. (Kwa nini Kitongoni? Sijui. Ndiyo iliyokuja mdomoni. Uongo ukikujia kwa urahisi namna ile, simama, ujiulize umetumwa na nani.)

Mambo ya zamani niliyatoa kwa jasho: mawese, mahari, mume aliyezama. Lakini nilipofika swali la mwisho, "Siku hizi unaishije, bibi?", hapo sikutoa jasho. Maneno yalikuja yenyewe, dakika tisa. Nilipozima simu kanga ilikuwa imelowa, na si kwa mate.

Nikatuma jina. Nikajiambia, Ujiji yote ile, nani atamtafuta bibi kizee mmoja?

(Tulieni. Kuna watu mmeshaanza kushika mbavu.)

Sasa leo. Kwenye mradi wetu kuna hatua inaitwa kurudisha simulizi. Kabla hujawasilisha, unawakusanya waliokusimulia, unawasikilizisha sauti zao, wanasema "ndiyo, hayo ndiyo niliyosema" au "hapo futa." Na Daktari husafiri kuja kuona kwa macho yake. Saa tatu asubuhi, ukumbi wa mtaa, spika ya kuazima. Mabibi wangu kumi na mmoja wakaingia wananukia udi, mbele yao Bi. Hidaya.

Huyu Bi. Hidaya ndiye mkubwa wa kina mama wa wagonjwa na mazishi. Ujiji wameigawa. Kila bibi ana eneo lake, na katika eneo lake hakuna anayejifungua, anayeugua wala anayefiwa asijulikane. Ukilala na homa leo, kesho unaamka na chungu cha uji mlangoni. Alinieleza hayo mwenyewe kwa dakika arobaini, ndiye msimulizi wangu wa kwanza. Nilimrekodi. Nikamwandika neno kwa neno. Nikampigia mstari kwa kalamu nyekundu! Halafu nikabuni mgonjwa.

Tukaanza vizuri. Bi. Tausi, kabibi kafupi ka maneno mengi, akasikia sauti yake akashtuka.

"Hee! Ndiyo mimi huyo? Mbona kama kuku anatafuta pa kutagia?"

"Ndivyo tunavyoisikia miaka yote," akasema Bi. Hidaya. "Ni wewe tu ulikuwa hujapata taarifa."

Vicheko. Hata Daktari akacheka, na Daktari huwa hacheki, huwa anakohoa kwa furaha. Nikaona mambo yameiva. Kumi na mmoja wote wakakubali simulizi zao. Nikaanza kukunja waya wa spika haraka haraka.

"Na wa kumi na mbili?" akauliza Daktari, kidole kwenye orodha. "Bi. Sauda binti Ramadhani. Simwoni."

"Anaumwa, Daktari."

(Ningeweza kusema amesafiri! Ningeweza kusema kaenda harusini Kongo, uongo wenye ukweli ndani yake! Lakini hapana. Mimi nikasema ANAUMWA, mbele ya kamati nzima ya wagonjwa.)

Nikaona Bi. Hidaya kainua shingo.

"Basi tusikie sehemu yake ya mwisho tu," akasema Daktari.

Nikabonyeza. Sauti ya bibi yangu ikajaa ukumbini:

"Siku hizi naishi tu, mwanangu. Nikiumwa, anayejua ni mlango. Napika, nakula, naosha sahani moja. Nikisikia hodi najitengeneza kanga, kumbe ni kwa jirani. Juzi nilicheka peke yangu, nikageuka kuangalia nacheka na nani. Huko nje watu wanapita wengi sana. Nahesabu miguu yao chini ya mlango."

Furaha, mgongoni kwangu, akanyoosha mkono kwenye spika. "Mama!"

Nikamtia kipande cha andazi mdomoni. Bahati, mtoto wa umri ule hata mbuzi anamwita mama.

"Zima," akasema Bi. Hidaya.

Nikazima.

"Huyo ni nani?"

"Bi. Sauda."

"Bi. Sauda wa nani? Binti Ramadhani yupi? Ramadhani fundi au Ramadhani wa mabati?"

"Hakusema, bibi."

"Anakaa Kitongoni?"

"Ndiyo."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama Bi. Tausi. Maana Kitongoni ni ya Bi. Tausi.

Jamani, hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, na ardhi ya Ujiji ni ngumu.

"Tausi," akasema Bi. Hidaya taratibu. "Kuna mwanamke mwenzetu Kitongoni anahesabu miguu ya watu chini ya mlango."

"Simjui! Wallahi simjui! Kitongoni naijua nyumba kwa nyumba!"

"Humjui. Ndiyo hilo tunalolisema."

"Hidaya, unanionea. Nimekosa kwenda kwa nani mimi? Na mguu wangu huu nimekosa kwa nani?"

Kisha akalia. Kabibi kale kaliponikaribisha mara ya kwanza kalinipa samaki, migebuka miwili ya kukaanga, nimpelekee "mume". (Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilikula yote miwili.) Sasa kanalia kwa ukingo wa kanga, mbele ya wenzake, kwa sababu ya mtu niliyemtengeneza mimi kwa koo langu. Ningesema hapo hapo. Nilifungua mdomo. Nikamwona Daktari na orodha yake. Nikaufunga.

"Inukeni," akasema Bi. Hidaya. "Twende kwake. Sasa hivi. Wewe binti utatuonyesha."

Msione nawazidishia: ndani ya nusu saa kulikuwa na chungu cha uji wa mtama, chupa ya mawese, mche wa sabuni, mkeka mpya na kanga ya mgonjwa ambayo bado ina lebo. Sijui vilitoka wapi. Bi. Tausi akachukua chungu akakiweka kichwani, akakataa kusaidiwa. Daktari naye akasema anakuja, kwa sababu "hii ni sehemu muhimu ya utafiti."

Nikawaongoza Kitongoni. Mimi, ambaye sijui hata pa kuanzia! Nikaingia kichochoro cha kwanza nikaonyesha mlango wa bluu. Kina mama wakapiga hodi kwa pamoja. Akatoka kijana ana povu la kunyolea shavu moja.

"Shikamooni..."

"Marahaba. Bibi yako anaendeleaje?"

"Bibi yangu alishafariki."

"Innalillahi! Lini? Mbona hatukuambiwa?"

"Mwaka nilioanza darasa la kwanza."

Wakanigeukia. Nikasema nimechanganya vichochoro. Cha pili kilikuwa karakana ya kuchomelea mageti. Cha tatu, mwenye nyumba ni shemeji yake Bi. Tausi, na Bi. Tausi alikuwa hapo jana. Jua linapanda. Mabibi wanahema. Chungu kichwani kwa Bi. Tausi hakitikisiki, lakini machozi yanashuka.

"Nimekumbuka," nikasema. (Shetani ana huruma, hakuachi katikati.) "Wiki hii alihamishwa. Yuko Katubuka."

"Kwa nani?"

"Kwa... mtu."

Bajaji nne. Daktari wa historia, miwani na suti, kabanwa kati ya mabibi wawili, kapakatishwa chungu cha uji. Mimi nipo mbele naelekeza, na pa kuelekeza ninapopajua Katubuka ni mahali pamoja tu. Kwangu.

Tukashuka. Jirani yangu Mama Niyo, ambaye miezi miwili na nusu hajawahi kuniuliza jina, alikuwa anachambua dagaa kibarazani.

"Dada," Bi. Hidaya akamwuliza, "hapa pana bibi mgonjwa? Kaletwa wiki hii?"

"Bibi? Hapana. Chumba kile anakaa huyu huyu na kitoto chake."

"Peke yao?"

"Ego, peke yao. Sijaona mgeni akiingia pale tangu wamekuja."

Bi. Hidaya akasukuma mlango wangu. Wakaingia wote. Chumba chenye godoro moja, ndoo moja, jiko moja, na sahani moja imeinamishwa kwenye tambara. Akaitazama ile sahani. Akaitazama sana.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Bi. Tausi alikuwa bado mlangoni, chungu kesharudishiwa, macho mekundu, ananitazama mimi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikashindwa.

"Hakuna Bi. Sauda," nikasema. "Ile sauti ni yangu. Nilijirekodi mwenyewe. Nilikosa wa kumi na mbili."

Daktari akavua miwani. Nje niliwasikia dagaa wa Mama Niyo wakiacha kuchambuliwa.

Bi. Tausi akatua chungu.

"Kwa hiyo Kitongoni yangu iko salama?"

"Iko salama, bibi."

"Sema kwa sauti."

"Iko salama!"

"Usiniambie mimi. Mgeukie Hidaya umwambie."

Nikamgeukia nikamwambia. Kisha Bi. Tausi akanifinya sikio, mimi, mama wa mtu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya msimamizi wangu. "Umeniliza mbele ya wenzangu, kitoto weye! Umri huu nilie kwa ajili ya kanga na simu!" Sikujitetea. Nilistahili masikio yote mawili.

"Mwache kwanza," akasema Bi. Hidaya. "Binti, yale ya mawese na mume kuzama, uongo?"

"Uongo."

"Na yale ya mwisho? Ya sahani? Ya miguu chini ya mlango?"

Nikaanza kumfungua Furaha mgongoni.

"Nakuuliza."

"Yale siyo uongo, bibi."

Akashusha pumzi. Akachukua lile tambara la sahani, akakunja mikono ya baibui lake.

"Haya. Lala."

"Bibi, siumwi."

"Nimekuuliza kama unaumwa? Uji wa mgonjwa haurudi nyumbani, ukirudi unarudi na ugonjwa. Sisi tumetoka kuja kuona mgonjwa. Lala!"

Nikalala. Jamani, nililala! Mwanamke wa miaka ishirini na minne, mzima kama ng'ombe wa Kasulu, chali juu ya godoro langu mwenyewe. Wakanifunika ile kanga yenye lebo. Wakatandika mkeka, wakakaa kunizunguka. Bi. Tausi akachota uji.

"Fungua mdomo, Sauda."

"Bi. Tausi, jamani, naweza mwenye..."

"Miaka sabini na nne, utaweza wapi? Fungua."

Nikafungua. Kijiko. Wakanigusa paji la uso mmoja baada ya mwingine kwa zamu.

"Homa naona imeshuka."

"Ah, mwenzangu, kwa mtu mzima hivi anajitahidi."

"Na meno yake yote yamo! Mashaallah!"

Furaha kazunguka mapaja ya mabibi yote, kanyweshwa uji na watu watano, anacheka kama yuko sikukuuni. Mama Niyo kaleta kigoda kakaa mlangoni aone vizuri. Halafu wakaninyooshea mikono wakaniombea dua. Ya kweli. Ya mgonjwa. Ndefu. Mimi nimelala chali, uji kidevuni, na Daktari, Mkristo wa watu, kasimama kizingitini kashika mikono mbele kama yuko msibani. Dua ilipofika "na umwondolee upweke wake," nikaanza kulia, na ukilia chali machozi yanaingia masikioni, na sikio moja lilikuwa bado linauma.

Walipomaliza Daktari akakohoa. Safari hii si kwa furaha.

"Wa kumi na mbili nimemfuta," akasema. "Hajafikisha umri. Utawasilisha kumi na mmoja, alama zitapungua, na utaandika ukurasa mmoja kueleza ulichofanya na kwa nini. Jumatatu saa nne uwe mezani kwangu kwa barua pepe. Usipofika, unarudia mwaka."

"Ndiyo, Daktari."

"Na uandike ukweli."

"Ndiyo, Daktari."

"Ugua pole," akasema, kisha akagundua alichosema, akageuka akaenda kutafuta bajaji.

Mabibi waliondoka saa tisa. Walifagia, wakaosha ile sahani, wakaniachia mawese na sabuni. Kabla hajatoka, Bi. Hidaya aliwauliza wenzake Katubuka ni ya nani, wakasema haina mtu, iko nje ya Ujiji. Akasema kuanzia leo ni ya Tausi. Bi. Tausi akalalamika kuhusu mguu wake mpaka wakapotelea barabarani, na nikiwa mlangoni bado nilikuwa naisikia ile sauti ya kuku.

Halafu kimya. Sijawahi kusikia chumba changu kimya namna ile. Kabla ya leo nilikizoea. Sasa najua kinavyokuwa na watu kumi na mmoja ndani yake, na hilo nimekasirika nalo kuliko yote.

Huo ukurasa mmoja nimeuanza mara tano. Nimeandika "Nilikosa msimulizi" nikafuta, maana si hivyo. Sasa nimeandika: "Nilimtafuta mtu wa kumwuliza maswali, nikamkosa, na mimi sikuwa nimeulizwa muda mrefu." Sijui Daktari atanipa ngapi. Nimeiacha.

Bi. Tausi anarudi kesho asubuhi, maana kwao mgonjwa huonwa siku tatu, na amesema atanikuta nimelala au atanilaza. Kwa hiyo nawaomba kwa heshima zote, kuanzia wewe mwenye kidole gumba huko Mpanda: asicheke mtu. Mgonjwa hachekwi.